Mshono Uliokwenda Upande

Fundi makochi huyu watu walimwita Msasa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Ukikaa naye muda wa kikombe kimoja cha chai, ulikuwa umeshachubuka mahali. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya umeme, chumba kirefu chenye dirisha moja, na humo makochi ya watu yalisimama uchi, mbavu nje, yakingoja kuvishwa. Mteja akiingia, Msasa hakujisumbua kumtazama usoni. Alimwambia akae, kisha akatazama anavyokaa. Aliamini kwamba mtu anaweza kudanganya kwa ulimi, kwa nguo na hata kwa machozi, lakini makalio hayajui uongo. Wapo wanaojitupa, wakavunja springi, kisha wakaja kulalamika kwamba fundi hajui kazi. Wapo wanaokalia ukingo tu, roho juu, utadhani kochi litawang'ata. Na wapo aliowadharau zaidi, wale wanaolifunika kochi jipya kwa plastiki lisichakae, wakakaa juu ya plastiki miaka nenda rudi, mpaka wakafa bila kuonja kitambaa walichokichagua wenyewe.

Lakini dharau iliyoiva kabisa aliwawekea mafundi wenzake, hasa wale aliowaita wavisha-makoti. Mvisha-makoti ni fundi ambaye akiletewa kochi kuukuu hafumui kitu. Anachukua kitambaa kipya, anakivuta juu ya kile cha zamani, anakipiga pini za stepla kote pembeni, anapokea chake na kula kona. Nje kochi linang'aa, ndani limebaki na jasho la ukoo mzima. Kochi la namna hiyo likimfikia, Msasa huwaita majirani waje washuhudie. Hulivua koti moja, akasonya, akakuta la pili, akasonya zaidi.

"Mtu wa hivi hata kuoga haogi," husema. "Anavaa shati juu ya shati, basi, amekuwa msafi."

Binti yake alikulia kwenye maneno hayo. Kabla hajajua kusoma alikuwa anajua kwamba kuna watu wanaofumua na watu wasiofumua, na kwamba hawa wa pili hawafai hata kusalimiwa. Mkumbuke huyu binti, maana mambo yote yaliyotokea baadaye yalitokana na yeye kulelewa vizuri.

Katika dunia nzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyeweza kumcheka Msasa usoni akabaki na ngozi yake, naye ni mkewe. Msasa alishughulika na mbao, springi na sufi ya kujazia. Mkewe alikaa kwenye cherehani karibu na dirisha akashona makava. Msasa alimkosoa kutwa, mke akacheka kutwa, kazi zikatoka. Na kazi zikipungua, walifunga karakana, wakafunga virago, wakaenda kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa dogo juu milimani. Walikwenda na binti yao, na karibu kila mara na kinyozi, rafiki wa Msasa tangu utotoni.

Alipapenda. Tuseme wazi mapema, kwa sababu yeye mwenyewe hakulitamka hata siku moja. Ukimsikiliza, ungedhani alipelekwa kule kwa pingu. Maji ya baridi, vitanda vifupi, mayai yamekaushwa, ukungu umekuja kumziba macho yeye binafsi. Lakini ilipokaribia safari, alianza kupiga miluzi karakanani, na mkewe alipoisikia ile miluzi alijua ni wakati wa kutafuta mabegi.

Mwaka wao wa kwanza kule, Msasa alikalia kochi la kukaliwa na mtu mmoja lililokuwa barazani, springi ikamchoma, akaruka. Mtu mwingine angehamia kiti cha pili. Yeye alilizunguka lile kochi, akalibinya, akalinusa, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amelipindua na kulichana tumbo.

"Si tumekuja kupumzika?" mkewe aliuliza.

"Kwani hapa nafanya nini?" alijibu, misumari mdomoni.

Bibi mwenye nyumba, mjane mpole asiyejua kukataa, akatoa pazia la zamani la kijani, lenye majani makubwa makubwa, na cherehani ya mkono. Mke akaiweka cherehani kwenye meza ya barazani akaanza kushona kava. Msasa akabeba sufi ndani ya gunia kwenda kuifua ziwani, maana hakuamini kwamba kuna mwingine wa kuifua ipasavyo. Gunia likanywa maji, likawa zito, likamvuta. Akaingia ziwani na viatu vyake, na suruali yake ya kupumzikia, na heshima yake yote. Mkewe aliyaona hayo kutoka barazani. Alicheka mpaka akalaza shavu kwenye cherehani, lakini mkono ulikuwa umezoea kazi, ukaendelea kuzungusha.

Ndipo ulipozaliwa ule mshono. Ulikuwa katikati ya mgongo wa kochi, mahali vipande viwili vya pazia vilipokutana. Ulianza juu wima kabisa, ulipofika katikati ukahama upande, ukatembea huko kidogo, kisha ukarudi njiani ukashuka salama kana kwamba hakuna kilichotokea. Msasa alirudi akitiririka maji, akautazama, akasahau hata kubadili nguo.

"Huu nini? Fumua," alisema.

"Sifumui."

"Basi nitaufumua mimi."

"Fumua uone," mkewe alimwambia, bado anafuta machozi ya kicheko.

Hakuufumua. Tangu hapo, kila walipofika kule, kabla hata mabegi hayajashushwa, Msasa alikwenda barazani, akasimama nyuma ya lile kochi, akapitisha kidole kwenye mshono kutoka juu hadi chini, akasema kwa sauti ya kutosha nyumba nzima, "Upuuzi huu bado upo? Leo naufumua." Na mkewe, popote alipokuwa, akajibu, "Fumua uone." Baada ya hapo ndipo mapumziko yalipoanza. Binti alikua akiyasikia hayo. Akayasikia nyumbani pia, mezani, barabarani, na mbele ya wageni, kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa kuacha jambo. Mshono ule ulimuudhi wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Kisha mke akaugua, na ugonjwa haukumpa nafasi ya kuaga vizuri. Baada ya maziko Msasa aliifunika cherehani kwa shuka akaajiri mshonaji mwingine, ambaye alishona mistari iliyonyooka mno na ambaye Msasa hakuweza kumvumilia. Ziwani hakwenda tena. Akiulizwa alisema kule kuna mbu.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni hili. Siku moja alitaka kugusa kitu kilichoshonwa na mkewe, akazunguka nyumba nzima asikipate. Makava yote aliyoshona maisha yake yalikuwa kwenye nyumba za watu wengine, yakikaliwa na watu wasiojua kukaa. Nyumbani kwao wenyewe, kama ilivyo kawaida ya mafundi, walikalia viti vya plastiki. Hata nguo zake, shemeji, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshazigawa, kwa nia njema. Kilichobaki chenye mkono wake, alichojua kilipo, kilikuwa kule barazani, nacho kilikuwa kimekwenda upande.

Kwa hiyo binti yake alipokuja na habari kwamba safari hii wote warudi ziwani, familia na marafiki, kama zamani, Msasa alilalamika kidogo tu kwa ajili ya kulinda jina.

"Nakwenda kwa jambo moja," alisema. "Nakwenda kuufumua ule mshono. Sitaki kufa nikauacha." Akaanza kufungasha mfuko wake wa kazi: koleo, nyundo ndogo, kisu cha kufumulia na uzi.

Binti alitazama ule mfuko akatabasamu peke yake. Msasa aliliona lile tabasamu, akadhani ni la kawaida.

Walisafiri kwa gari la mkwewe, na ni vigumu kusema nani humo ndani alimchosha zaidi. Mkwe aliuza bima. Kila sentensi yake ilianza na "kimsingi," na hakuweza kunywa soda kabla hajaipiga picha. Msasa alipomtazama akiendesha, alimwona amekaa kwenye kiti cha dereva upande mmoja, kama mtu aliyekalia funguo zake, na akamsikitikia bintiye kwa mara nyingine. Shemeji, yule mdogo wa marehemu, alikuja na mashuka yake, mto wake, birika lake na sabuni yake, kwa sababu hakuamini usafi wa mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Kinyozi alikuja na mdomo wake tu, na huo ulitosha kujaza gari.

"Msasa, unakumbuka ulivyoingia ziwani na gunia?"

"Hukuwepo."

"Sikuwepo, lakini nakumbuka vizuri kuliko wewe."

"Shemeji, fungeni dirisha, vumbi," alisema shemeji.

"Vumbi la wapi, tuko kwenye lami?"

"Lipo. Mimi naliona."

"Kimsingi," alisema mkwe, "tukifika tupige picha ya pamoja kabla hatujachoka."

Msasa alifumba macho akajifanya amelala. Alikuwa anafikiria kidole chake kikishuka kwenye ule mshono. Alikuwa anajiuliza pia jambo la kijinga, kwamba akishasema "Leo naufumua," kimya kitakachofuata atakifanyaje.

Walipofika, akapata mengi ya kudharau, na kwa kweli yalimsaidia. Njia ya kuingilia ilikuwa imewekwa vigae vya kung'aa, vile ambavyo mvua ikinyesha vinavunja watu viuno. Mlangoni palikuwa na maua ya plastiki, hali bustani ya maua ya kweli ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Ukutani mtu alikuwa amebandika picha kubwa ya ziwa, lile lile lililokuwa dirishani.

"Ili nini?" Msasa aliuliza. "Mtu akichoka kutazama ziwa atazame picha yake?"

"Karibu baba, karibu," alisema bibi mwenye nyumba, aliyekuwa amezeeka lakini hajajua kukataa. Aliishika mikono ya Msasa yote miwili. "Tumekungoja. Pole sana, baba. Mama wa watu alikuwa anacheka yule!"

"Asante, Bibi," alisema Msasa, akavuta mikono yake taratibu. "Mimi naenda barazani."

"Subiri, Baba," binti alisema, akamvuta mezani walipokuwa wameshakaa wengine, akamtia kikombe mkononi. "Kunywa chai kwanza."

"Chai nitainywa huko huko."

"Huko hapajafagiliwa," shemeji alidakia, akitazama juu.

"Wewe ndiye unasema hapajafagiliwa na umekaa? Wewe?"

Kinyozi akapaliwa na mkate. Mkwe akajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Msasa aliwatazama mmoja mmoja, akawaona wamekaa wote ukingoni mwa viti, roho juu, na akajua wana jambo. Watu hawa hawakuwa na uwezo wa kuficha hata chafya. Akaweka kikombe chini, akachukua mfuko wake wa kazi, akatoka kwenda barazani, nao wakamfuata mbio, wakisukumana mlangoni.

Kochi lilikuwa mahali pake pa siku zote, likitazama maji. Lilikuwa limefunikwa shuka. Lilikuwa shuka la shemeji, lililotupiwa hapo mbio wakati yeye akidharau vigae, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi, maana shemeji hakuwahi kumwazima mtu shuka.

"Kimsingi, Baba, simama hapo hapo," alisema mkwe, simu ameielekeza usoni mwa Msasa. "Tabasamu kidogo."

Binti alisimama mbele ya lile kochi kama mtoto anayetaka kusoma shairi shuleni.

"Baba, miaka yote umekaa kwenye kochi hili huku umeudhika. Mama alikuwa anakutania, lakini mimi nilikuwa nakuona. Mshono ule ulikukera mpaka nyumbani. Nikasema, safari hii ukirudi, angalau ukae bila kitu cha kukuudhi." Akavuta shuka.

Kochi lilikuwa jekundu. Lilikuwa limevishwa ngozi bandia ya kung'aa, na vifungo vimedidimizwa mgongoni, na misumari ya rangi ya dhahabu imepangwa mbele ya mikono yote miwili. Lilionekana kama kiti cha mtu anayetaka kugombea ubunge. Bibi mwenye nyumba akapiga makofi.

"Tumempata fundi wa huku huku milimani," binti aliendelea, maneno yakimtoka haraka. "Na usidhani nimeletewa kazi ya wavisha-makoti. Nilimpigia mwenyewe. Nikamwambia, fumua kila kitu, mpaka mbao, usiache hata uzi wa zamani, mimi ni mtoto wa fundi. Akaapa kwamba amefumua, na matambara yote ameyachoma moto."

Msasa alisimama. Mtu mwingine yeyote, mtoto wa karani au wa mwalimu, angemwambia fundi avishe tu, na asingejali kilichobaki chini. Ni huyu wake, aliyelishwa dharau yake tangu akinyonya, ndiye aliyejua kuagiza kwamba kusibaki hata uzi. Alikuwa amejifunza kila neno la baba yake, na kila neno alikuwa ameliamini.

Walingoja alipuke. Kinyozi alikuwa ameshajiandaa kucheka, mkwe ameshika simu kwa mikono miwili. Vile vifungo peke yake vilitosha kwa hotuba ya mpaka jioni. Msasa alifungua mdomo, akamwona bintiye anavyomtazama, akaimeza ile hotuba.

"Nzuri," alisema. "Kazi nzuri, mwanangu. Asante."

Kinyozi aliacha kutafuna. Shemeji aliweka mkono kifuani.

"Umesema nini, Baba?" binti aliuliza.

"Nimesema nzuri. Kwani husikii?"

"Hujawahi kusema nzuri." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Siku ya harusi yangu ulisema gauni limenikaa kama gunia la mkaa. Nilipofaulu mtihani uliuliza waliofeli walikuwa wajinga kiasi gani. Hujawahi kunisifia kitu, Baba, hata siku moja, na nilikuwa najua unanipenda. Sasa hivi umesema nzuri." Akalitazama lile kochi jekundu, akamtazama baba yake na mfuko wake wa kazi, na rangi ikamtoka usoni. "Hukuja kuufumua."

"Nani kasema?"

"Ulikuwa unautaka. Ulikuwa unautaka, na mimi nimeuchoma moto."

Akajifunika uso akalia. Alilia kwa nguvu, mabega yakimruka, kama alivyolia siku ya maziko. Mkwe akashusha simu na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ukoo ule hakusema kimsingi.

Msasa hakujua kubembeleza. Ilikuwa kazi ya mkewe, na hakuwahi kujifunza, kwa jinsi alivyokuwa anaidharau. Akanyoosha mkono, ukaishia hewani. Kwa kukosa la kufanya, akakaa.

Akakaa kwenye lile kochi jekundu, akaegemea, na makalio yake, ambayo hayakuwahi kumdanganya, yakamwambia jambo. Akajiinua kidogo, akakaa tena. Kiti kilikuwa kimeinuka kuliko mbao zile zilivyoruhusu. Mbao zile alizijua, alizipima mwenyewe. Akageuka, akabonyeza mgongo wa kochi kwa dole gumba. Ngozi ilisogea, na chini yake kitu kingine kikasogea kwa namna yake, kitambaa juu ya kitambaa. Msasa alisimama ghafla. Akalishika kochi, akalipindua miguu juu, maji yakatazamana na tumbo lake. Pini za stepla zilikuwa zimepigwa ovyo, nyingine zimelala, nyingine zimekosa hata mbao. Na pembeni, palipokuwa pamekunjwa vibaya, ulichungulia ukingo wa kitambaa cha kijani.

"Mvivu!" alipiga kelele. Bata waliokuwa ukingoni wakaruka. "Mvivu mkubwa! Mwongo! Mchafu! Ameapa amefumua? Huyu hata kofia hajavua kichwani mwake! Mvisha-makoti mshenzi!"

"Baba, basi," binti alilia. "Najua ni kosa langu."

"Kosa gani, mwanangu? Njoo uone! Njoo uone takataka hii ya fundi!" Alikuwa amepiga magoti, koleo mkononi, na uso wake ulikuwa umelowa machozi ambayo hakuwa na habari nayo. "Tazama hizi pini. Mtoto mdogo angepiga vizuri zaidi. Mtu huyu akifika karakanani kwangu nitamfukuza kwa fimbo. Mungu ampe maisha marefu! Mungu amlinde, mbwa yule, na uvivu wake wote!"

"Amechanganyikiwa," shemeji alimnong'oneza kinyozi.

"Hapana," alisema kinyozi. "Huyo ndiye mwenyewe. Yule wa kwanza aliyesema nzuri ndiye alinitisha."

Msasa aling'oa pini moja moja, akizitupa nyuma bila kutazama. Kwenye kiti hapakuwa na la kuokoa. Mvivu yule alikuwa amemwaga gundi juu ya kitambaa cha zamani akabandika sponji, na vilipoachana, majani ya kijani yalitoka vipande vipande. Msasa akamtukana tena, safari hii kwa uchungu wa kweli. Mikono ya kochi nayo ilikuwa imetobolewa na ile misumari ya dhahabu. Lakini mgongoni fundi alikuwa amechoka, au amechelewa kula. Hapo hakuweka gundi. Alivuta ngozi juu ya sponji, akakaza vifungo viwili vitatu, akaenda zake.

Ngozi nyekundu ilipoanguka na sponji ikafuata, pazia la kijani lilikuwa pale, limefifia, lina vitobo vya vifungo. Katikati ulishuka mshono, wima kabisa, mpaka mahali ulipohama upande, ukatembea huko kidogo, ukarudi. Hata uzi mmoja haukuwa umekatika.

Msasa alifuta kidole chake kwenye suruali, akakiweka juu, akakishusha polepole. Kilipofika pale palipokwenda upande kilisimama kwa muda. Akakohoa, akawaambia kwamba sponji za siku hizi zina vumbi baya sana. Shemeji, ambaye kwa kawaida angeliona vumbi hilo kabla ya mtu yeyote, alisema haoni vumbi.

"Kwa hiyo ndio huu?" aliuliza baadaye, akiinama. Hakuwahi kuja huku enzi za dada yake. "Maskini dada. Umepinda kweli."

"Umepinda vibaya sana," alisema Msasa. "Ni aibu. Mwanafunzi wa siku ya kwanza hashoni hivi."

Binti alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa kochi. Macho yalikuwa mekundu, pua inachuruzika, lakini alikuwa ameanza kumtazama baba yake kwa jicho lingine, jicho ambalo Msasa alilijua na hakulitegemea. Alinyoosha mkono kwenye mfuko wa kazi, akatoa kisu cha kufumulia, akakiweka karibu na ule mshono bila kuugusa.

"Haya, Baba," alisema. "Si ndicho ulichokuja kufanya? Niufumue?"

Msasa alikunja uso wake wote.

"Fumua uone," alisema.